Kwa Rehema, kuhusu safari ya Delhi

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako wa juzi niliusoma nikiwa jikoni, nikaufunga, nikaufungua tena usiku baba yako alipolala. Umeniuliza: "Mama, wewe ukiwa na miaka 22 ulisafiri peke yako toka Pune hadi Delhi, bila simu. Mimi nina miaka 22, simu ninayo, na huniachi nitoke Thane hadi Dadar kwa treni ya Mumbai bila kukuonyesha nilipo. Kwa nini? Na Desemba utaniruhusu niende Delhi?"

Nilitaka kukujibu palepale kwamba mimi ni mama yako, yaishe. Nikaona hilo si jibu. Umeuliza kwa adabu, na swali lenyewe ni la haki. Nimeamua kuandika kwa sababu ningekurekodia sauti ningelia katikati, nawe ungeanza kunibembeleza badala ya kunisikiliza.

Nianze na ile safari, maana naona miaka yote nimekusimulia nusunusu.

Ilikuwa 1996, mwaka wangu wa pili wa masomo Pune, India. Pasipoti yangu ilikuwa inakaribia kuisha na ubalozi wetu uko New Delhi. Nilipanda Jhelum Express, ile inayotoka Pune jioni na kupitiliza hadi Jammu. Ni zaidi ya kilomita 1,500 hadi Delhi. Unalala njiani, unashinda njiani, unafika usiku wa pili. Nilikata behewa la kawaida la kulala, la watu 72, halina kiyoyozi, madirisha yana nondo na vumbi la Maharashtra linaingia litakavyo. Vitanda vitatu huku, vitatu kule, na viwili vya pembeni ng'ambo ya ujia.

Huwa nakwambia nilikuwa peke yangu. Mwanangu, sikuwa peke yangu hata dakika kumi. Kabla treni haijaondoka alikuja mama mmoja wa makamo na mama mkwe wake na watoto wawili, wakajaza nafasi yote kwa mabegi, birika la maji na kopo la chakula la ghorofa nne. Hatujafika mbali nilikuwa nimeshaulizwa natoka wapi, baba anafanya kazi gani, tumezaliwa wangapi, nimeolewa, na kama sijaolewa baba anangoja nini. Kihindi changu kilikuwa cha sokoni. Lakini yule bibi aligundua kwamba nikisema gari anaelewa, nikisema chai anaelewa, chapati, pesa, achari, laki, yote anaelewa. Akawa ananyooshea vitu kidole nami navitaja kwa Kiswahili, na kila neno alilolikuta ni la kwao alijipiga goti kwa kiganja na kuniita beti, yaani binti. Tukala puri na achari ya embe kwenye karatasi la gazeti. Sijawahi kula achari nyingine kama ile, na nimekulia Tanga.

Usiku ndio ulikuwa mtihani. Chini ya vitanda vya chini kuna pete za chuma za kufungia mizigo, na wenye uzoefu husafiri na mnyororo na kufuli lao. Mimi sikuwa navyo. Yule mama alinitazama ninavyojaribu kulalia begi kama mto, akalivuta bila kuniuliza. Akapitisha mnyororo wake kwenye mkono wa begi langu, kwenye mabegi yake mawili, kwenye pete, akafunga. Kisha akaufunga ufunguo kwenye pembe ya sari yake, fundo la kwanza, fundo la pili, akaliweka lile fundo chini ya shavu na kulala. Ndani ya begi mlikuwa na pasipoti, ada ya ubalozi na nauli yangu ya kurudi. Nilikuwa kitanda cha kati, mkabala naye. Saa nzima nililitazama lile fundo kwa mwanga wa taa ya buluu ya behewa, sijui kama nimepata mlezi au nimeibiwa. Halafu usingizi ukanichukua.

Asubuhi walishuka Bhopal. Alifungua mafundo kwa meno, akanipa begi langu, kisha akaenda sehemu ya pili ya behewa kuzungumza na mzee mmoja aliyestaafu jeshi, anayesafiri na mkewe na wajukuu. Akarudi na yule mkewe, akanishika mkono, akauweka mkononi mwa mwenzake. Hawakuwa wakijuana. Alinikabidhi, Rehema, kama tunavyomkabidhi mtoto kwa kondakta wa basi la Lushoto. Yule bibi wa pili hakuniacha hata niende msalani bila kuangalia nimerudi, na stesheni ya New Delhi alipokuja mwanafunzi mwenzangu kunipokea (alipanda hadi ndani ya behewa kunitafuta), alimhoji kwanza ndipo akanitoa.

Sasa upande ambao sijawahi kukusimulia.

Bibi yako hakujua chochote. Simu ya nje ilikuwa ya kwenye vibanda vile vilivyoandikwa STD ISD PCO, unaongea huku namba nyekundu za mashine zinapanda na moyo unapanda nazo. Nilimwandikia barua. Ilifika Tanga nikiwa nimesharudi Pune zamani, naye akaisomesha kwa jirani, akamshukuru Mungu kwa mkupuo mmoja kwa kwenda na kurudi. Hofu haikumpata kwa sababu habari haikumfika.

Na zipo habari ambazo hazikumfika kabisa. Mwaka huohuo, kwenye basi la mjini, mwanamume alinishika. Basi limejaa, siwezi kusogea, nikanyamaza vituo vitatu na kushuka kabla ya kwangu. Nilitembea hadi hosteli nikiwa na hasira ambayo bado ninayo. Sikumwandikia mama. Ningeandikaje? Na miezi mitatu ya kutafuta chumba, mwenye nyumba anakubali kwenye simu na kukataa akiniona mlangoni, hayo nayo niliyameza. Barua zangu zilisema India ni nzuri, chakula kizuri, namshukuru Mungu. Bibi yako aliamini binti yake yuko salama kwa sababu binti yake alichagua cha kuandika.

Ndiyo maana nasema nimekusimulia nusunusu. Ulinisikia ukadhani zamani kulikuwa shwari na sasa mama yako amekuwa mwoga. Hakukuwa shwari. Kulikuwa kimya.

Mimi kimya hicho sinacho. Desemba 2012 ulikuwa na miaka tisa, umelala mapajani mwangu, taarifa ya habari ikaonyesha yule binti mwanafunzi aliyefanyiwa unyama ndani ya basi linalotembea Delhi. Alifariki Singapore siku 13 baadaye. Wahindi walijaa barabarani kwa hasira, sheria zikabadilishwa mwaka uliofuata, nami nilijua yote hayo, lakini kilichobaki kichwani ni lile basi. Halafu Januari 31, 2016, mji wa Bengaluru, hukohuko India. Mwanafunzi wetu, Mtanzania, alitolewa garini na kundi la watu, akapigwa na kuchaniwa nguo, gari likachomwa, kwa sababu mwanafunzi wa Sudan asiyehusiana naye alikuwa amemgonga mwanamke barabarani muda mfupi kabla. Kosa lake lilikuwa rangi. Ulipopata nafasi ya kusoma huko nilishangilia, nikakununulia sanduku, na usiku nikamwona yule binti.

Kwa hiyo nikaishika simu. Nikuambie ninavyoishi nayo. Najua stesheni zako kama tasbihi: Mulund, Nahur, Bhandup, Kanjurmarg, Vikhroli, Ghatkopar, Vidyavihar, Kurla, Sion, Matunga, ndipo Dadar. Ukipanda treni ya haraka kidoti chako kwenye ramani ya simu kinaziruka baadhi na mimi napumua vizuri zaidi. Nimesoma mpaka historia yake: njia yako ya kila siku ndiyo iliyobeba abiria wa kwanza India, Aprili 16, 1853, toka Bori Bunder, Mumbai, hadi Thane, kilomita 34. Mtu anayesoma hayo saa saba usiku hatafuti elimu, mwanangu.

Julai ile kidoti chako kiliposimama Kurla dakika 40 na simu yako haipatikani, nilikumbuka mvua ya Julai 26, 2005, milimita 944 kwa siku moja, treni zimekwama na mji mzima ndani ya maji. Nilimpigia mjomba wako, nikampigia mwenzako wa chumbani, nikampigia baba yako yuko msikitini. Uliponipata ulisema maji yalikuwa yamefunika reli, na kwamba wakati wote huo ulikuwa umekaa behewa la wanawake na kina anti wako wa treni ya saa mbili na dakika kumi, yule wa benki, yule muuguzi, na yule anayechambua mboga zake njiani ili akifika nyumbani abandike tu. Walikumenyea mapera, wakayatia chumvi na pilipili. Mmoja alikupa shali kavu.

Nililiwaza hilo wiki nzima. Mimi nimezitazama zile dakika 40 kama kaburi, na wewe ulikuwa unakula mapera. Kidoti kilinionyesha ulipo. Hakikunionyesha uko na nani. Bibi yako hakujua nilipo, lakini alikuwa na yakini, sijui aliitoa wapi, kwamba penye watu patakuwa na mama wa mtu.

Siwezi kukupa yakini ya bibi yako, nimeona mengi mno. Lakini nimeona pia kwamba kukuchungulia hakujakulinda hata siku moja. Waliokulinda ni wale anti, na hao umewapata mwenyewe, kwa kupanda behewa lilelile kila asubuhi na kujifunza Kimarathi cha salamu. Teksi ya simu ambayo nakuhimiza kila siku isingekupa hata mmoja wao.

Nenda Delhi.

Masharti ninayo, nami nayataka yote. Ukate tiketi mapema kwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Uchague kitanda cha juu, hakuna anayekaa miguuni mwako mchana. Namba 139 ya reli na 112 ya dharura uzijue kichwani, maana chaji huisha. Ukiona pana familia, wasalimie kabla hujatia spika masikioni. Ukizitia mwanzo watakuheshimu na kukuacha, na usiku utakuwa mgeni. Mtu akikushika, piga kelele. Usinyamaze kama mimi. Piga kelele kwa Kiswahili ukipenda, wataelewa. Kisha unipigie, hata saa tisa usiku, na uniambie kama ilivyotokea. Hilo ndilo ninalolitaka kuliko kidoti, na nakuahidi sitasema rudi nyumbani.

Kidoti nimekizima leo asubuhi. Wewe niandikie ukipanda na ukishuka, basi.

Mjomba wako anakuja Mumbai tarehe 9 kwa ile rufaa ya moyo. Nimempa dagaa, ubuyu, na mfuko mdogo mzito uliofungwa kwa gazeti. Ni ule mnyororo uliouona tangu utoto umefungia mtungi wa gesi uani. Niliununua stesheni ya New Delhi siku ya kurudi, na usiku ule nilifungia begi langu na la msichana wa Kerala ambaye hakuwa na wake. Kufuli limepata kutu kidogo, lipake mafuta ya nazi. Ufunguo uliobaki ni mmoja.

Mama yako