Maharagwe yatokote kwanza, dada, ndipo ushike kroshia

Dada wa Nakuru, hebu weka hiyo kroshia chini kidogo. Unasema asubuhi utatia maharagwe makavu kwenye sufuria, uyamwagie maji ya moto ya chupa ya chai, ufungie kwenye kikapu cha kupikia, kile chenye mito ya kutunza joto bila moto, ufume sweta mpaka jioni kisha mle. Halafu unauliza kikapu kiwe cha ukubwa gani na matumbo uyachanganye saa ngapi. Wee! Usithubutu. Nimesoma hapo tumbo langu likanguruma, na si kwa njaa.

Mimi niko Kisumu, na ugonjwa wangu ni redio kuukuu. Nikishafungua mgongo wa redio, nyumba inaweza kuungua nikadhani ni waya unanukia. Ndiyo maana nilinunua kikapu. Mama aliyeniuzia aliniapia: "Pasha dakika tano tu, funika, nenda zako, kikapu kitamaliza kazi." Nikamuuliza kuhusu kuloweka, akacheka. Kuloweka ni mambo ya nyanya zetu, alisema. Shilingi 2,500 nikahesabu mbele yake nikitabasamu kama bwana harusi.

Jumamosi hiyo nikachukua kilo moja ya wairimu pale soko la Kibuye, yale maharagwe mekundu madogo. Nikaosha, nikaweka kwenye gesi, na mapovu ya kwanza yalipoonekana nikajiambia hiyo ndiyo dakika tano. Ukweli ni kwamba redio ilikuwa imekohoa kidogo mezani, nikakimbia. Sufuria ikaingia kikapuni. Katikati ya kazi nikafungua mara tatu kuchungulia, kila mara mvuke unatoka na mimi najisifu jinsi unavyonukia.

Jioni shemeji akafika kutoka Siaya na jogoo wa zawadi. Maharagwe yalikuwa vuguvugu, ganda laini, ndani yana unga unga. Mke wangu akasema hayajaiva. Mimi nikasema, tena kwa sauti ya mwenye nyumba, kwamba hivyo ndivyo yanavyokuwa ya kikapu. Nikakaanga kitunguu na nyanya, nikamwagia juu, tukala na wali wa mchele wa Ahero.

Saa mbili hazikuisha. Shemeji alitangulia, akafuata mtoto mdogo, kisha sisi wote, na ploti yetu ina choo kimoja. Jirani alileta ndoo bila kuulizwa. Kufikia usiku wa manane nina boda mbili nje, mtoto yuko kwenye dripu, na shemeji anaulizwa na dada yake kama alipita kwa mtu njiani, maana hapo tayari maneno ya kurogwa yameanza. Nililipa shilingi 6,800 usiku ule, ukiacha boda. Sufuria moja ya maharagwe!

Daktari wa zamu hakuuliza mengi. "Maharagwe mekundu? Yalitokota?" Nikamwambia yalipata moto. Akanitazama vile mwalimu humtazama mtoto aliyeandika jina lake vibaya. Akanieleza kwamba maharagwe haya yana sumu yake ya asili, inaitwa lektini, na punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu. Moto mkali huiua. Moto wa polepole hauiui, na joto la kama nyuzi 80 linaweza kuifanya iwe kali kuliko ya maharagwe mabichi. Yaani mimi na kikapu changu tuliilea sumu, tukaifunika mito isipigwe na baridi.

Niliporudi kwa yule mama aliniambia labda maharagwe yangu yalikuwa mabovu. Hayakuwa mabovu! Ubovu ulikuwa ule mdomo wake. Kikapu chenyewe hakina kosa, hakipiki, kinatunza tu joto ulilokipa. Ukikipa joto bovu kitalitunza hivyo hivyo kwa uaminifu.

Kwa hiyo sikia: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, kisha yatokote. Si kupata moto, si mvuke, ni kutokota kwa fujo mpaka kifuniko kicheze. Dakika kumi kwa saa ya ukutani ndio uchache kabisa; mimi sasa nafika thelathini. Na wewe uko juu zaidi, Nakuru inapita mita 1,800, kwenu maji huchemka yakifika kama nyuzi 94 tu, basi usinibanie dakika. Hayo maji ya chupa ndiyo usiyataje tena, yamepoa hata kabla hujafungua kizibo. Baada ya kutokota, funika yakiwa bado yanaruka, tumbukiza kikapuni, na usichungulie. Jioni yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kupakua. Yakiwa magumu, ni magumu, usianze kuyatetea kama nilivyofanya mimi.

Na usijidanganye kwamba utakumbuka huku unafuma. Hutakumbuka. Hizo dakika za kutokota simama hapo hapo jikoni, mikono mitupu.

Kikapu chukua chochote, mradi mito ibane sufuria pande zote.

Ile redio mpaka leo haijalia. Shemeji bado anakuja, ila siku hizi hubeba mkate wake.