Maswali ya Safari: Siku nne London, na mama anataka kuona vyungu tu

SWALI: Dada habari za kazi, mimi msomaji wako wa siku nyingi hapa Tabata ila ndo mara ya kwanza naandika. Mwezi wa tisa naenda London na mama, mdogo wangu anaishi kule na viza zishatoka, ila Jumanne mpaka Ijumaa mwenyeji wetu atakuwa kazini so tutakuwa wenyewe. Kasheshe ni mama. Ana miaka 67, kwao ni Ikombe kule Matema, Ziwa Nyasa, bibi yetu alikuwa anafinyanga vyungu na kuvivusha kwa mtumbwi kwenda kuuza Lusungo, na mama hataki habari za ikulu ya mfalme wala za saa kubwa, kasema tu "nipelekeni nikaone vyungu vya Wazungu". Nimegugo nikaletewa makumbusho kama kumi na tano, nimechanganyikiwa. Halafu magoti yake hayako sawa. Nipange vipi? (Binti Mkisi, Tabata)

JIBU: Binti Mkisi, kwanza nifikishie shikamoo yangu kwa mama. Kila wiki naulizwa hapa duka gani lina viatu vya bei poa, leo kapatikana mtu wa vyungu, nimefurahi mpaka nimeacha chai ipoe.

Hiyo listi ya makumbusho kumi na tano ifute. Vyungu vinachosha macho haraka kuliko picha, ukishaangalia kabati la arobaini bakuli zote zinakuwa bakuli moja, na hapo mama ataanza kuulizia kiti na wewe utaanza kuchati. Jumba moja kwa siku, vyumba viwili basi, na hakikisha kwenye kila chumba mama anakaa chini mbele ya kitu kimoja anakiangalia mpaka anakimaliza. Pale mapokezi ulizia lifti na kigoda cha kukunja, usione aibu.

Jumanne anzeni British Museum. Kuingia bure, foleni ni ya kukaguliwa mabegi tu kwa hiyo beba kipochi kidogo. Watu wote watakuwa wanakimbilia maiti za Misri, nyie shukeni chini chumba namba 25, cha Afrika. Najua, utasema tumetoka Tabata kwenda kuangalia vyungu vya Afrika London? Ndiyo, na nina sababu. Wana kazi za Magdalene Odundo, mama aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusomea sanaa, halafu ufinyanzi wenyewe akaenda kuuchota Abuja, Nigeria, kwa akina mama kama Ladi Kwali, na leo ni mmoja wa wafinyanzi wakubwa duniani, mwaka 2020 Waingereza wakampa cheo cha Dame. Sasa mama yako asimame pale aangalie. Odundo hatumii gurudumu, anapandisha udongo kwa mkono kidogo kidogo kama nyie Wakisi, halafu anausugua mpaka unateleza, hapaki ile glezi ya kung'aa kama kioo, mng'ao wote ni wa kusugua. Kikichomwa kwenye hewa ya kutosha kinatoka rangi ya chungwa, kikirudishwa kwenye moto na kunyimwa hewa kinatoka cheusi tii. Muulize mama yeye anaonaje, shingo ile ndefu ingesimama au ingeanguka? Nakuhakikishia utasikia mambo ambayo hajawahi kukusimulia. (Kabla hamjaenda chungulia tovuti yao, vitu vya makumbusho huwa vinahamishwa, vinaenda kuazimwa, usije ukamkosa.)

Mkishakunywa chai pandeni juu chumba 95. Hiki ni cha kauri za China peke yake, mkusanyiko wa Sir Percival David, vipande karibu 1,700. Usijaribu kuvimaliza. Tafuta mitungi miwili mirefu ya bluu na nyeupe yenye mikono ya vichwa vya tembo na joka limejizungusha tumboni, na shingoni ina maandishi ya Kichina yenye tarehe, ni ya mwaka 1351. Sasa piga hesabu, yule msafiri Ibn Battuta kafika Kilwa mwaka 1331. Yaani mfinyanzi wa China anachora yale majoka, Kilwa ishakuwa mji wa kutajwa, na sahani za kutoka kwao zinashushwa ufukweni kwetu. British Museum hiyohiyo ina vigae vilivyookotwa Kilwa Kisiwani, vya China vya kijani kibichi, vya upande wa Uajemi, na vipande vya kahawia visivyo na mng'ao ambavyo ni vyungu vyetu wenyewe vya jikoni. Mimi ndo maana nikaingia kwenye mambo haya, kile kipande cha kahawia. Sultani ana sahani ya China lakini wali umepikwa kwenye chungu cha mama fulani ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Ukitoka, ng'ambo ya barabara ya Great Russell kuna galari ndogo ya chama cha wafinyanzi wa Uingereza, vikombe na bakuli za watu walio hai na bei imebandikwa. Mama aviguse baada ya kuomba ruhusa, maana makumbusho yote kila kitu kiko nyuma ya kioo na mfinyanzi bila kugusa ni kama umempeleka mpishi hotelini ukamwambia anuse tu.

Jumatano pumzikeni. Niko serious. Magoti.

Alhamisi ndo siku kubwa, tokeni London kabisa. Pandeni treni stesheni ya Euston mpaka Stoke-on-Trent, ni kama saa moja na nusu, tiketi mkate mapema mtandaoni maana ya kununua siku hiyohiyo itakutoa machozi. Stoke ni miji sita iliyounganishwa mwaka 1910 na kazi yao miaka yote ilikuwa moja, vyombo. Makaa ya mawe yalikuwepo, udongo wa kawaida ulikuwepo, ule mweupe ukaletwa kwa maji kutoka Cornwall kupitia mfereji uliokamilika mwaka 1777, na ndo huku walikofikia kuchanganya majivu ya mifupa kwenye udongo, kauri ikatoka nyembamba ukiiinua juani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Wasomaji wangu wa Pwani naona mshaanza kuandika, mifupa ni ya ng'ombe.

Stoke kuna makumbusho ya mji pale Hanley na kuna kiwanda cha Middleport kando ya mfereji, ila nyie nendeni Gladstone, mtaa wa Longton, ndo penyewe. Ni kiwanda cha zamani kilichoachwa na matanuri yake ya matofali yenye umbo la chupa, manene chini membamba juu, marefu kuliko nyumba, na mnaingia ndani. Simameni katikati mtazame juu mtaona duara la mbingu. Vyombo vilikuwa vinapangwa humo ndani ya madebe ya udongo mgumu ili moshi usiviguse, yamebebanishwa mpaka juu, mlango unajengwa matofali na kuzibwa, halafu makaa yanawashwa siku mbili tatu mfululizo na mtu wa moto hatoki. Zamani matanuri kama hayo yalikuwa maelfu mji ule, sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 ikayazima, yaliyosimama leo hayafiki hata mia. Mama anayekumbuka vyungu vikichomwa kwa kuni na majani ufukweni mchana mmoja vikaisha, mimi ningelipa nauli nikamsikilize akiwa mle ndani. Kuna pia sehemu nzima ya historia ya vyoo vya kauri, msicheke, pale ndo utajua nani kapeleka masinki duniani kote. Siku zao za kufungua hubadilika na msimu, angalia kwanza kabla hujakata tiketi ya treni.

Ijumaa asubuhi nendeni Leighton House, Kensington. Hapa mnalipa. Ni nyumba ya mchoraji tajiri wa enzi za Malkia Victoria, Lord Leighton, alijenga ukumbi wa Kiarabu akaujaza vigae vya ukutani kutoka Damascus, buluu na kijani, na kisima kidogo cha maji katikati kinanong'ona. Juu kuna aya za Sura ya Ar-Rahman kwenye vigae. Na unajua nani alikuwa mmoja wa waliomsaidia kuvipata? Richard Burton, yuleyule aliyetoka Bagamoyo na Speke mwaka 1857 kwenda Ziwa Tanganyika, baadaye akawa balozi mdogo Damascus. Nilipojua hilo nilikaa kwenye benchi nikaguna peke yangu, maana vigae vile vilitoka kwenye kuta za watu. Hufungwa Jumanne, ndo maana nimeiweka huku mwisho.

Mchana V&A, yaani makumbusho ya Victoria and Albert, siyo mbali, bure. Ukiwa pale mlango mkubwa tazama juu kwenye kuba, utaona ukanda mwekundu wenye vyombo, ni vyungu 425 vya mfinyanzi Edmund de Waal. Kauri zenyewe ziko ghorofa ya juu kabisa, lifti ipo, na huko sasa ni makabati ya vioo kutoka sakafuni mpaka darini, yaani kama ghala. Mama asihangaike na hayo, mkalishe kwenye vyumba vya mwanzo vinavyoonyesha chombo kinavyotengenezwa. Ijumaa jumba linakaa wazi mpaka saa nne usiku lakini siyo vyumba vyote, ya juu muimalize kabla ya saa kumi na mbili.

Wallace Collection utaambiwa na kila mtu uende. Ni pazuri, dhahabu nyingi, sahani za wafalme wa Ufaransa. Mimi kwa mama huyu ningeiacha.

SWALI: Dadangu, mbona kila siku ni Ulaya? Mimi niko Kisauni, niko na wikendi moja, viza sina na pesa ndo hiyo. Hivi vitu vya kauri siwezi ona huku kwetu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kaka yangu uko umekalia dhahabu unaniuliza mimi. Jumamosi asubuhi ingia Fort Jesus, upite moja kwa moja kwenye makabati ya makumbusho, kuna vyombo vilivyotolewa baharini kwenye meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama hapo chini ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Mchana panda matatu ya Malindi shuka Gede. Magofu yapo msituni, kuna kaburi lina tarehe 802 Hijria, sawa na 1399, na kauri zilizochimbwa pale zimewekwa mule ndani. Lala Malindi, Jumapili nenda Mambrui ukaone kaburi la mnara lililopachikwa bakuli za China ukutani, zingine zishang'olewa yamebaki mashimo ya duara, na kwangu mashimo yale yanasema mengi kuliko bakuli zilizobaki. Ukiona kigae mchangani kiangalie ukiache hapohapo, kuokota ni kosa kisheria.

SWALI: Anti, nataka kumpelekea rafiki yangu aliyeko Manchester chungu kidogo cha kupikia. Kitafika kweli? (Zai, Morogoro)

JIBU: Kitafika ukibeba mkononi. Mimi niliwahi kununua bakuli moja nzuri mno safarini, nikaifunga kwenye khanga mbili nikaitupa kwenye begi kubwa, nikabandika karatasi ya "kinavunjika" kama mjinga, nilipofungua nyumbani nikakuta vipande saba na khanga ina unga mwekundu. Shirika lililonibeba likanijibu kwamba vitu vya kuvunjika ni juu yangu. Sa hivi nafanya hivi: ndani ya chungu najaza soksi mpaka hakuna nafasi, maana kinachovunja ni ule uwazi wa ndani, nje nazungusha taulo siyo khanga, halafu kwenye begi la mkononi kinakaa katikati, kisiguse ukuta wa begi popote. Kioshe udongo wote kabla, kikauke juani siku mbili, maofisa wa kule hawapendi michanga. Na kiwe kipya, kile ulichokizoea kupikia maharage kina harufu, utaona abiria wa pembeni anakuangalia.