Maswali ya Wasomaji: Utando unaotoka mweupe

SWALI: Nipo Chumbageni, Tanga. Nayeyusha polima ya PVDF (aina ya plastiki) ndani ya kiyeyushi cha DMF, namwagia kioo kinachozunguka. Utando hukauka mweupe kama maziwa. Kwa nini? – Mwanafunzi

JIBU: Ni unyevu wa hewa ya pwani. DMF hufyonza mvuke wa maji, na PVDF haiyeyuki majini, hivyo polima huganda kabla DMF haijaondoka. Vitundu vinavyobaki hutawanya mwanga.

Tumia sanduku lililofungwa lenye silika kavu ya kufyonza unyevu. Koroga PVDF asilimia 3 kwa uzito katika nyuzi 60, chuja, pasha kioo nyuzi 60, kisha zungusha mara 3,000 kwa dakika kwa sekunde 30. Kaushia papo hapo chini ya nyuzi 70. Wengi hukimbilia moto mkali. Hapo utando hung'aa, lakini huelekea umbo la alfa, lisilozalisha umeme ukiubinya. Pima kwa infraredi: mstari wa 763 kwa sentimita ni alfa, wa 1,275 ni beta, umbo linalozalisha umeme.

Tafadhali, glovu za mpira wa kawaida hazitoshi: DMF hupenya ngozi na kudhuru ini. Vaa za butili, fanya kazi penye kivuta hewa. Mabaki usiyachome kamwe. Hutoa gesi kali ya floridi ya hidrojeni.