Hiyo ESC ya 320A iache huko huko dukani

Mkuu usilipe. Kama umeshaiweka kwenye kikapu itoe sasa hivi, mengine tutaongea baadaye.

Umesema unataka ESC, kale kaboksi kanakodhibiti umeme wa mota, ndogo ya kufunga kwenye TT-02, kagari ka rimoti ka Tamiya, betri lipo ya 2S (seli mbili), mota unabadilisha unaweka ya brashi 13T (T ni mizunguko ya waya ndani ya mota) ili ukimbizane na wenzako, halafu umetupia picha ya kale kadude keusi kameandikwa 320A na kuuliza kama itatosha. Kale kadude nilikanunua. Nakajua mpaka harufu yake kakiungua.

Hebu piga hesabu mwenyewe, volti 7.4 mara ampea 320 unapata wati 2,368, yaani hospawa 3 na ushee, zipite kwenye ule waya mwembamba na kaplagi ka umbo la T kwenda kwenye kagari ka kilo moja na kitu!! Zingekuwa zinapita kweli plagi ingeyeyuka kabla ya kona ya kwanza. Ile namba wanaitoa kwenye karatasi ya data ya mosfeti, zile chipu zinazokata na kuruhusu umeme wa mota, imepimwa chipu ikiwa imepozwa nyuzi 25, wao wanajumlisha chipu zote wanabandika stika. Wewe unaifungia chini ya bodi ya plastiki ya leksani saa nane mchana Dar, kwenye lami inayochoma, hiyo nyuzi 25 unaitoa wapi?

Kinachoponza watu ni kwamba mwanzoni inafanya kazi vizuri tu. Nikiwa na mota ile ya rangi ya fedha inayokuja na gari, ambayo ni kama 27T, ilikuwa inateleza nikawa nawacheka walionunua za bei. Nikafunga 13T. T zikipungua mota inazunguka haraka na inakula umeme mwingi zaidi, hasa pale unapoondoka umesimama. Betri haijafika hata nusu nikasikia harufu, nikaachia triga nisogee kuangalia, gari ndo kwanza linaongeza mwendo. Mosfeti ikiungua mara nyingi inafia kwenye hali ya kupitisha umeme, kwa hiyo mota inapewa betri nzima moja kwa moja na rimoti hata uivunje haina la kufanya. Nilikimbia na kandambili nyuma ya kile kigari mimi mtu mzima na kitambi changu, likaishia kwenye ukingo wa mtaro. Mkono wa mbele ukavunjika, gia za sevo, kale kamota kanakokatisha kona, zikasagika, shafti ya mota ikapinda. Ukijumlisha hivyo vyote ningenunua ESC nzuri tatu na soda ya kupoza koo juu.

Na hapo sijasema betri. Kale kadude hakana kata ya lipo. Seli ya lipo ikishuka chini ya volti 3 inaanza kufa, ESC ya maana inapunguza nguvu mapema ujue muda wa kurudi nyumbani umefika, hiyo inanyonya tu mpaka tone la mwisho. Niliitoa betri imevimba kama andazi, chaja ikagoma hata kuianza.

Aliyeniuzia nilimuuliza kabisa kabla, hii inabeba 13T? Akajibu "inabeba mota yoyote boss, hiyo ni 320". Baada ya tukio akasema nimeitumia vibaya. Vibaya vipi, nimeiendesha?? Na yule wa video aliyeisifia, nenda kaiangalie tena, gari lake limewekwa juu ya kopo la rangi matairi yanazunguka hewani, halijabeba mzigo wowote. Hivyo hata mimi naweza kukusifia feni ya mezani.

Kwa hiyo USISOME AMPEA. Soma kikomo cha T. Mtengenezaji aliyeipima kweli anakuandikia kwenye maelekezo, ukitumia 2S mota isiwe chini ya T kadhaa, ukitumia 3S (seli tatu) isiwe chini ya kadhaa. Mfano Hobbywing QuicRun 1060, imeandikwa 60A tu, wala haifiki sentimita 4 kwa 4, lakini wanasema wazi 2S kuanzia 12T, 3S kuanzia 18T. Umeona namba ndogo ilivyo na adabu? 13T yako inaingia hapo japo kwa kubanana, na siku utakayopata wazo la 3S ujue imeshatoka nje. Ina vijampa viwili, kimoja cha aina ya betri, hakikisha kiko upande wa lipo kabla hujawasha. Ukihamia brashlesi, yaani mota isiyo na brashi, 21.5T au 17.5T au chochote wanachokimbiza huko, T zake usizilinganishe na hizi za brashi ila pa kuangalia ni pale pale. Muuzaji akishindwa kukutajia kikomo cha T achana naye, hata akikupa na stika za bure.

Sevo kama ni yenye nguvu angalia na BEC, ile sehemu ya ESC inayolisha sevo na risiva, ina ampea ngapi, hizo za BEC ndo ampea za kusoma, zikiwa ndogo risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti) inazimika ukikata kona.

Uliuliza na pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) na rimoti nadhani, wengine watakujibu. Weka hapa link ya ESC unayoifikiria nikuangalizie T kabla hujatuma hela. Na kuna mtu anataka brashi za 13T? Shafti imepinda lakini brashi bado mpya kabisa, aje Mbagala achukue.