Runinga ya inchi 75 ilivyonishinda Amu

Nilikuwa na shilingi 150,000 na hamu ya kufanya sinema nyumbani. Nikapanda basi hadi Mombasa, nikarudi na runinga ya inchi 75 kwa 118,000. Kutoka Mokowe, gati ya bara ya kuvukia kuja Amu (Lamu), niliishika wima botini njia nzima, maana kioo kipana hivyo hakilazwi. Hamali wawili waliisukuma kwa mkokoteni vichochoroni hadi mlangoni, kisha kona ya ngazi ikaikataa. Ikabidi boksi lichanwe huko huko chini na runinga ipande uchi, mimi nyuma nikisoma kila dua niijuayo.

Kosa lenyewe nililiona usiku. Chumba chetu, kama vingi vya nyumba za mawe hapa, ni kirefu na chembamba, kwa sababu upana hufuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ncha moja ina dirisha, nyingine mlango, basi runinga ikakaa ukuta mrefu. Kutoka kochi hadi kioo: mita mbili. Inchi 75, zikipimwa pembe hadi pembe, ni upana wa sentimita 166. Kusoma maandishi ya chini nilikuwa nageuza shingo kama anayetazama mpira wa meza, na chaneli za kawaida zilionyesha kila doa.

Sauti ndiyo ilinivunja moyo zaidi. Spika za runinga nyembamba hutazama chini au nyuma, na kuta zetu za matumbawe zilizopakwa chokaa hurudisha kila kitu. Weka na pangaboi juu. Mama mkwe alivumilia nusu saa, akauliza: "Mwanangu, hawa wanasema au wanakoroma?"

Niliiuza kwa hasara ya elfu 30. Ikaniuma.

Mara ya pili nilianza na futi ya fundi. Pima kutoka jicho lako hadi ukutani, ugawe kwa moja na nusu hadi mbili. Hapo utapata upana wa kioo. Kwangu ikatoka inchi 55, sentimita 122, kwa shilingi 58,000. Nikachukua amplifaya iliyotumika na spika mbili za mbao kwa 32,000. Spika mbili nzuri ni bora kuliko seti ya spika tano na wufa yake, ile spika ya mdundo, ya bei hiyo hiyo, ambayo hata pa kupitishia waya huna. Pazia zito na mikeka miwili mikubwa ilituliza mwangwi kwa pesa kidogo kuliko chombo chochote cha dukani.

Elfu saba zilikwenda kwa stabilaiza, kifaa cha kutuliza nguvu ya umeme, na hizo usizikate hata ukibanwa. Umeme ukipotea ukarudi, hurudi kwa kishindo. Dikoda yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Chumvi nayo hula vichwa vya waya, kwa hiyo kila baada ya miezi michache navichomoa na kuvifuta. Waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha kwenye runinga, wa mita mbili nunua wa bei ya kawaida tu: picha ni ile ile, muuzaji aseme atakavyo.

Vyombo kwa jumla havikufika laki moja. Wufa sijanunua, na pesa ipo. Chini yetu analala ami yangu, na dari yake ndiyo sakafu yetu.