"Ni" ya Kijapani na "-ni" yetu: ilivyoniponza

Wiki hii nimepata matokeo ya JLPT, mtihani wa kupima Kijapani, ngazi ya N4: alama 121 kati ya 180. Nimefaulu! Najua wapo watakaoona ni kitu kidogo, ila mara ya kwanza nilipata 84, na kufaulu kunaanzia 90. Alama sita tu. Nililala nazo, nikaamka nazo.

Walioniangusha ni joshi, vile vijineno vinavyokaa nyuma ya nomino, hasa "ni". Siku sensei, mwalimu wetu, alipoandika ubaoni "gakkou ni ikimasu", naenda shuleni, nilicheka moyoni. Gakkou ni, shule-ni. Kumbe hawa ni ndugu zetu! Nikajiona nimeshamaliza, mazoezi nikawaachia wengine.

Sasa -ni yetu inabeba kila mzigo: naenda maktabani, niko maktabani, nasoma maktabani, natoka maktabani. Mjapani anagawa. Kwenda ni "toshokan ni ikimasu", kuwepo ni "toshokan ni imasu", lakini kusoma humo ni "toshokan de benkyou shimasu", na kutoka ni "toshokan o demasu". Mimi nilibandika "ni" kote, kama gundi.

Halafu kuna "e", nayo ni joshi ya kwenda. Huandikwa kwa herufi ya "he" ila husomwa "e". Nilisimama mbele ya darasa nikasoma kwa sauti kubwa: "Tokyo he ikimasu." Basi "he" yenyewe kwa Kijapani ni ushuzi. Sensei aliinamia kitabu chake. Mwenzangu wa dawati la mbele mabega yalikuwa yanamcheza; mpaka leo nalikumbuka lile shati lake la mistari.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia juzi ukiuliza ushike "ni" au "e": kwenye kwenda, zote sawa. "Ni" inatazama mahali unapofika, "e" inatazama upande unakoelekea. Ila barua kwa mama ni "haha e no tegami", "haha ni no tegami" haisemwi. Kupanda basi ni "basu ni norimasu", hapo "e" haiingii. Kwa dereva wa teksi sema "eki made", hadi stesheni.

Na jamani, acheni kukariri kijineno kikiwa peke yake! Kishikeni na kitenzi chake. Kinachofanana na cha nyumbani ndicho cha kukitilia shaka kwanza. Daftari langu sasa lina kurasa nne za noru (kupanda), hairu (kuingia) na tsuku (kufika), kila kimoja na "ni" yake, kwa wino mwekundu.