Analia kila siku ya kwenda tiba. Tumwachishe?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 14. Tangu mwaka jana ameingiwa na hofu ambayo hatuielewi. Darasani hafungui mdomo, siku za shule anaamka tumbo linamuuma, na usiku hataki kulala peke yake, kwa hiyo nalala naye. Mwalimu wake nimemwomba asimwite ubaoni. Tumbo limepimwa wee, halina kitu. Sasa tunampeleka kwa mwanasaikolojia mara moja kwa wiki, na hii ni wiki ya saba. Badala ya kutulia, ndiyo kwanza analia akijua kesho ni siku ya kwenda, maana huko anapewa kazi ya kufanya vitu vilevile anavyoviogopa. Baba yake anasema ni umri tu, tumwache, atakua. Mdogo wangu anasema tudai vidonge. Mimi nataka kujua: haya matibabu yanaponya kweli? Wangapi hupona?
*Mama L.*

JIBU: Salama, Mama L. Usimwachishe, angalau si kwa sababu ya machozi hayo. Nitakueleza kwa nini, ila kwanza tumalize hesabu uliyoiomba.

Utafiti ninaoutegemea zaidi kwa watoto wa aina ya binti yako ulifanyika Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Watoto na vijana 488 wa miaka 7 hadi 17, wote wenye wasiwasi uliopitiliza, waligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza lilipata tiba ya mazungumzo yenye mazoezi, kama anayopata binti yako. La pili lilipewa dawa iitwayo setralini, la tatu likapata vyote viwili, na la nne likameza vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya wiki 12, waliokuwa na nafuu kubwa walikuwa 60 katika kila 100 kwa tiba ya mazungumzo, 55 kwa dawa peke yake, na 81 kwa waliopata vyote viwili. Kundi la vidonge vitupu lilikuwa na 24.

Hao 24 ndio wanaompa nguvu baba yake. Ni kweli wapo wanaotulia bila tiba ya maana, na kila ukoo una mmoja wa kutolewa mfano. Lakini hata hao walikuwa wakionana na daktari mara kwa mara, na bado 76 waliobaki hawakupata nafuu hiyo. Mimi nisingemwekea mwanangu dau la namna hiyo.

Angalia pia kwamba kipimo kilichukuliwa wiki ya 12. Ninyi mko ya saba, na wiki za mwanzo kwa kawaida ni za kufahamiana na kujifunza hofu inavyofanya kazi mwilini. Mazoezi yenyewe huja baadaye. Kwa hiyo mtoto wako ameingia sasa hivi kwenye sehemu ngumu, na ndiyo sehemu inayotibu.

Nikupe mfano wa chumbani kwangu. Kijana alikuwa hawezi kupiga simu kwa mtu asiyemjua. Tuliandika ngazi kwenye karatasi, chini kabisa jambo la hofu ndogo, juu kabisa lile asilotaka hata kulisikia. Siku ya simu aliishika kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Namuuliza, hofu ngapi kati ya kumi? Tisa. Akapiga dukani, kazi yake ikiwa kuuliza wanafunga saa ngapi. Alijibiwa, akakata bila hata kusema asante. Tukapiga duka lingine, na lingine, kila mara namuuliza ngapi sasa. Ilipofika nne alianza kucheka. Mimi sikumshawishi kwa maneno kwamba simu haiumi. Mwili wake ulikaa na hofu mpaka ikashuka yenyewe, na kitu hicho hakiwezi kutokea mtoto akikimbia hofu ikiwa tisa. Akikimbia, anaondoka na somo kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa.

Hapo nije kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita tu, nami ndilo lililonishika: unalala naye, na mwalimu umemwomba asimwite. Sikulaumu, kila mzazi wa mtoto mwenye hofu hufanya hivyo kwa sababu inatuliza usiku huohuo. Ila kila unapomfanyia, hofu inapewa haki. Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale ametengeneza tiba ambamo mzazi peke yake ndiye anayefundishwa kupunguza misaada ya namna hii. Katika utafiti wa mwaka 2019 wa watoto 124, wale ambao wazazi wao tu ndio waliohudhuria hawakuachwa nyuma na wale waliotibiwa wenyewe. Kwa hiyo muombe mwanasaikolojia akupe na wewe kazi. Chagueni jambo moja, tuseme kulala. Mwambieni mapema, mchana, bila ugomvi: "Najua unaogopa, na najua utaweza. Kuanzia wiki ijayo nitakaa kwenye kiti mlangoni mpaka upitiwe na usingizi." Baadaye kiti kinasogea. Siku chache za mwanzo atalia zaidi, na baba yake asipokuwa upande wako usiku huo mtashindwa, kwa hiyo mpatane ninyi kwanza.

Mdogo wako naye hajakosea sana. Ikifika wiki ya 12 na hakuna kilichosogea, kuongeza dawa ni hatua halali, na ile 81 inaonyesha kwa nini. Lakini usipime kwa machozi. Pima kwa anachofanya leo ambacho mwezi uliopita hakukifanya: asubuhi ngapi amekwenda shule, ameinua mkono darasani hata mara moja?

Kuhusu mbele ya safari sitakuficha. Sehemu ya watoto wa utafiti ule walifuatiliwa hadi utu uzima. Karibu 22 katika 100 walikutwa wazima kila mwaka walipopimwa, karibu nusu walikuwa wakipona na kurudiwa, na 30 hivi waliendelea kuumwa. Walioitikia tiba mwanzoni walikuwa na hali nzuri zaidi baadaye. Kwa hiyo hofu ikirudi miaka ijayo, mrudisheni mapema kwa mazoezi machache ya kukumbushia. Na akianza kusema hataki kuishi au anajiumiza, usingoje siku ya miadi, mpeleke siku hiyohiyo.

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 19, natumia fluoksetini kwa ajili ya sonona, huu ni mwezi wa tatu. Sasa nalala, nimerudi masomoni, hata utani nauelewa. Rafiki zangu wanasema nitakuwa mtumwa wa dawa. Niache?
*Kijana*

JIBU: Marahaba. Usiache sasa. Dawa hizi hazina uraibu wa aina ya pombe. Ukishajisikia mzima, kawaida ni kuendelea miezi 6 hadi 12, kisha daktari anakupunguzia taratibu. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na hasira zisizo na sababu, na sonona inapenda kurudi wakati huo.

Kama hujapata mtu wa tiba ya mazungumzo, mtafute. Katika utafiti wa Marekani wa vijana 439 wadogo kwako kidogo, miaka 12 hadi 17, dawa ilikuwa mbele wiki ya 12: waliopata nafuu walikuwa 61 katika 100, dhidi ya 43 wa mazungumzo. Kufikia wiki ya 36 wote walikuwa 81, na waliopata vyote viwili 86.

Tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka dawa hizi ziwe na onyo, kwa sababu mawazo ya kujiua yalionekana kwa vijana 4 katika 100 waliozitumia na 2 katika 100 waliopewa vidonge vitupu. Katika majaribio hayo hakuna aliyekufa kwa kujiua. Hatari iko zaidi wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, kwa hiyo siku mtakapoanza kupunguza, mtu mmoja unayeishi naye ajue.

Mpelekee daktari tarehe uliyoanza kujisikia vizuri. Ile miezi inahesabiwa kuanzia hapo, si siku uliyomeza kidonge cha kwanza.